Rogue: Mto Una Joto, Bahari Ina Baridi

MPWA: Shikamoo, mjomba.

MJOMBA: Marahaba, mwanangu. Na nyinyi mnaotusikiliza, hamjambo huko mliko.

MPWA: Leo tuko Gold Beach, kusini mwa pwani ya Oregon, mto Rogue unapoingia Pasifiki. Ni saa kumi na moja alfajiri, ni majira ya joto, na mimi nimevaa koti zito. Mjomba, swali linalorudi kila mwaka wakati huu: twende kuvua mtoni au baharini?

MJOMBA: Nami narudia lilelile: maji ya mto yana nyuzi ngapi? Watu huanza na chambo. Mimi naanza na kipimajoto. Samoni ni samaki wa maji baridi. Yakikaribia nyuzi 20 za Selsiasi anataabika, yakipita 21 hivi anasita kupanda.

MPWA: Na Rogue unafika huko?

MJOMBA: Unapita. Unaanzia milimani karibu na Crater Lake, unasafiri zaidi ya kilomita 300, mabonde ya ndani huko yanawaka jua. Ukifika huku chini Julai na Agosti, maji yamepungua na yamepata moto. Sasa fikiria samoni mkubwa, huyu chinook, anatoka bahari baridi anataka kwenda kuzaa juu. Anafika mlangoni, anaonja yale maji, anasimama. Wenzake wanamkuta hapo. Wanajazana ghubani.

MPWA: Ndipo unapoona boti zimepangana zinaburuta chambo polepole.

MJOMBA: Samaki mdogo jamii ya dagaa, kavishwa ndoana, na mbele yake kibati kinachozunguka kikimetameta. Wakati mzuri ni maji yanapojaa. Maji ya chumvi ni mazito, yanaingia kwa chini yakiwa baridi, na samaki anachangamka.

MPWA: Kwa hiyo joto linalomzuia ndilo linalotupa sisi kitoweo.

MJOMBA: Ndiyo, na jambo hilo linanikaa moyoni. Samaki yule hakuja pale kwa kupenda, kakwama. Ukipata wako anayeruhusiwa, shukuru, funga mshipi, rudi nyumbani.

MPWA: Si huko juu kuna bwawa linalofungulia maji ya baridi?

MJOMBA: Lipo, Lost Creek. Ghubani utasikia watu wakinung'unika likifungulia maji Agosti, maana mto ukipoa samaki wanaondoka usiku mmoja. Mimi hufurahi. Jirani yetu wa kusini, mto Klamath kule California, Septemba 2002 maji yalikuwa machache na ya moto, samaki wakabanana, maradhi ya matamvua yakawaingia. Walikufa makumi ya maelfu, mwanangu. Makumi ya maelfu, kabla hawajazaa.

MPWA: Lakini Klamath una habari njema sasa.

MJOMBA: Alhamdulillahi. Mabwawa manne yamebomolewa, kazi ikaisha 2024, na vuli ileile samoni wakaonekana wamepita yalipokuwa mabwawa. Zaidi ya miaka mia njia ilikuwa imefungwa! Watu wa Yurok na makabila mengine ya mto ule waliipigania kwa miongo.

MPWA: Tugeuke baharini. Mgeni akisikia majira ya joto hudhani atavua na fulana.

MJOMBA: Atatetemeka. Huku kiangazi upepo unatoka kaskazini-magharibi, unasukuma maji ya juu kwenda mbali na pwani, na yale ya kina yanapanda kujaza nafasi. Nyuzi 10, 11, 12. Lakini ni maji yenye rutuba. Vijimea vinachipua, dagaa wanakuja, wakubwa wanawafuata. Ule ukungu unaouona asubuhi nao unatokana na baridi hiyo.

MPWA: Kwetu Lamu ni kinyume.

MJOMBA: Kwetu kusi ndiyo inachafua bahari, kaskazi ikiingia tunatoka. Hapa mwenye kuchafua anatoka kaskazini. Alfajiri bahari imelala, saa sita mchana imejaa povu. Nahodha mwenye busara anatoka gizani na kurudi mapema. Na mlango wa mto ni wa kuuheshimu, hasa maji yakipwa huku mawimbi yanaingia.

MPWA: Na samaki wa miambani?

MJOMBA: Wapo wengi. Ila yupo mmoja wa rangi ya chungwa, jicho la njano, anaishi zaidi ya miaka mia. Huyo hachukuliwi. Ukimpandisha kutoka kina kirefu hewa inamvimbisha, macho yanamtoka, ukimtupa tu anaelea hadi anakufa. Kuna kifaa cha kumshusha chini tena, na Oregon ni sharti kiwe botini. Kiwe tayari mkononi, kisiwe chini ya makoti.

MPWA: Mjomba, wasimulie ile ya coho, yule samoni wa aina nyingine.

MJOMBA: Ni kweli, niseme. Coho wa kituo cha kutotolesha hukatwa lile pezi dogo la mgongoni karibu na mkia. Mwenye pezi ni wa asili, na tulitakiwa kumwachia. Nilimpata mmoja ghubani, mwenye pezi, mzuri kama sarafu mpya. Maji ya juu yalikuwa ya moto. Nikamtoa nimpige picha. Picha ya kwanza ikawa mbaya, nikataka ya pili. Nilipomrudisha aligeuka tumbo juu. Nikamshika nikimwelekeza kwenye mkondo muda mrefu, matamvua yakafungua, yakafunga, yakaacha. Picha ile niliifuta.

MPWA: Ndiyo maana siku hizi unachomoa ndoana samaki akiwa majini.

MJOMBA: Simgusi kwa mkono mkavu hata kidogo. Na maji yakipita nyuzi 20, siku hiyo ghubani siingii kabisa. Nakwenda kutega kaa, au naingia bahari kuu.

MPWA: Na leo?

MJOMBA: Tumbukiza kipimajoto.

MPWA: Subiri... kumi na nane na nusu. Maji yameanza kujaa.

MJOMBA: Basi niletee ule wavu mkubwa, na uzime simu yako.