Rommel Kabla ya Jangwa: Saa 52 za Oktoba 1917

Ndugu wasikilizaji, Rommel, jenerali wa Kijerumani wa vifaru na mchanga wa Libya, mnamjua, tumwache hukohuko. Wa leo ni luteni wa miaka 25 katika Batalioni ya Milima ya Württemberg, chini ya Meja Sprösser. Nishani ya Msalaba wa Chuma anayo tayari, na kovu la risasi ya paja alilipata Ufaransa mwaka 1914.

Tarehe 24 Oktoba 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani na Waaustria wanavunja safu ya Waitalia kwenye mto Isonzo kwa gesi na mizinga. Hilo tulikumbuke, maana wapo wanaosimulia kana kwamba Rommel aliuangusha mlima Matajur peke yake.

Kesho yake alfajiri yuko chini ya ukingo wa milima wa Kolovrat. Hashambulii handaki uso kwa uso. Anawanyemeleza watu wake kwenye mteremko usioonekana kutoka juu, kisha anatuma doria ndogo. Doria inawakuta walinzi wamelala, inawakamata bila risasi hata moja. Tundu limepatikana. Lakini kupenya ni nusu ya kazi: batalioni nzima ya Waitalia inaigeukia kombania ya pili ya Rommel. Rommel hapeleki watu wa kuongeza nguvu mbele. Anazunguka na waliobaki na kuwapiga Waitalia ubavuni na mgongoni, wakati macho yao yako kwa kombania ile. Mateka: maofisa 12 na askari wapatao 500.

Silaha iliyowezesha hayo ni bunduki nzito ya rashasha. Pamoja na kitako na maji ya kuipoza inapita kilo 60, nayo hubebwa vipandevipande mabegani. Ikifika kwa wakati, humlaza adui chini wakati wenzako wanamzunguka. Wabebaji wakichoka, safu hukatika, na walio mbele hubaki na bunduki za mkono tu.

Mchana anashuka kwenye barabara ya kijiji cha Luico, anakata nyaya za simu na kuitega. Wanafika Bersaglieri, askari wa miguu wepesi wa Italia; zaidi ya 2,000 wanajisalimisha.

Tarehe 26 Sprösser anawaona mateka wengi hivyo, anadhani Matajur umeshaanguka, anaagiza warudi. Wengi wanarudi. Rommel anabaki na bunduki 100 na rashasha 6, na anaendelea. Hapo mimi naona ukaidi na hesabu kwa pamoja: adui alikuwa keshayumba, na kumpa saa chache ni kumpa nafasi ya kujipanga. Saa 5:40 asubuhi fataki tatu za kijani na moja nyeupe zinarushwa kileleni: ishara kwamba Matajur umetekwa.

Kwa hesabu yake mwenyewe, saa 52 zilileta mateka 9,000, maofisa 150 na mizinga 81, kwa wafu 6 na majeruhi 30. Ila Pour le Mérite, nishani ya juu ya ushujaa, ya Matajur alitangulia kupewa Luteni Schnieber, aliyekuwa ameteka kilele cha jirani, Colonna. Rommel alilalamika, na Desemba yeye na Sprösser wakapewa zao.