Maji Yakiisha Mwilini: Protini Zinazomlinda Dubu-Maji

Kamwene, walimu wangu, wanafunzi, na nyinyi wazazi mliotenga jioni hii kuja kutusikiliza hapa Iringa.

Kwa nini kiumbe kikikauka hufa? Wengi tutajibu kwamba ni kiu, tukaishia hapo. Lakini twendeni ndani ya seli. Protini ni mnyororo mrefu uliokunjwa kwa namna maalumu, na kazi yake inategemea mkunjo huo. Maji yanayoizunguka ndiyo yanayosaidia kuushikilia. Yakiondoka, mkunjo hufumuka na protini hunasana zenyewe kwa zenyewe, zikawa bonge lisilofaa kitu. Utando wa seli nao hupoteza mpangilio wake, kiasi kwamba hata ukiimwagia maji seli ile, vilivyomo ndani huvuja. Ndiyo maana kurudisha maji hakurudishi uhai.

Yupo mnyama ambaye kwake maji yakirudi, uhai nao huendelea. Ni dubu-maji. Ana miguu minane yenye makucha, na wengi wao hawafiki hata milimita moja. Mchungaji mmoja wa Ujerumani, Johann August Ephraim Goeze, alimweleza mwaka 1773. Spishi nyingi za nchi kavu huishi kwenye mosi, ule uoto mfupi wa kijani unaotanda kwenye mawe na magome ya miti, zikitembea ndani ya maji membamba yanayoshikwa na vijani vyake. Nyinyi mnaoishi chini ya mawe haya makubwa ya Iringa mnajua uoto huo unavyokuwa kiangazi kikikolea: ukiugusa unapukutika. Uoto ukianza kukauka, dubu-maji hukunja miguu, huvuta kichwa ndani, na mwili wote hujikunyata ukawa kidonge kidogo chenye asilimia chache tu ya maji. Hali chakula, hapumui kwa kiasi cha kupimika kirahisi, na anaweza kukaa hivyo miaka. Akipata maji, baada ya dakika kadhaa au saa kadhaa anaanza kutembea.

Kwa muda mrefu wanasayansi walidhani siri ni sukari iitwayo trehalosi. Walikuwa na sababu nzuri. Kuna mdudu wa Nigeria, Polypedilum vanderplanki, ambaye kiluwiluwi chake huishi kwenye vidimbwi vya juu ya miamba. Kidimbwi kikikauka, kiluwiluwi hujaza mwili trehalosi, na sukari hiyo hukaa mahali pa maji, ikizishika protini na utando visiharibike. Ila walipompima dubu-maji, spishi nyingine zilikuwa na trehalosi kidogo mno, na nyingine hawakuiona kabisa. Basi lazima kuna kingine.

Mwaka 2012 watafiti wa Japani walitangaza familia za protini ambazo hazikufanana na zilizojulikana. Mojawapo ya familia hizo huitwa CAHS. Nawaomba mtulie hapa kidogo, kwa sababu kwangu hapa ndipo penye utamu wa habari yenyewe. Darasani tunafundisha kwamba protini isiyo na umbo imeharibika. CAHS hazina umbo la kudumu tangu mwanzo, zinaelea zikijipindapinda ndani ya seli. Kwa hiyo hazina mkunjo wa kupoteza! Maji yanapopungua, zinashikana zikawa nyuzi, na nyuzi zikafanya ute mzito unaoipa seli ugumu na kuzuia vilivyomo visigandamane. Maji yakirudi, nyuzi zinaachana.

Thomas Boothby na wenzake Marekani walionyesha mwaka 2017 kwamba dubu-maji akizuiwa kutengeneza protini hizi, uwezo wake wa kustahimili ukavu unashuka. Na hamira ikipewa jeni zake, yaani maelekezo ya kuzitengeneza protini hizo, inastahimili ukavu zaidi kuliko hamira ya kawaida. Wao walipendekeza kwamba protini hizo hukauka zikawa kitu kigumu kisicho na fuwele, kama sukari iliyoyeyushwa ikapoa ikawa pipi. Wengine wamelipinga wazo hilo la pipi, na ubishi bado ni mkali. Binafsi naona hoja ya nyuzi na ute ina ushahidi unaoonekana zaidi kwa hadubini.

Jambo jingine ni muda. Spishi inayofugwa sana maabara, Hypsibius exemplaris, ukiikausha ghafla inakufa. Inahitaji kukauka polepole ili iwahi kutengeneza kinga yake. Kazi yote hufanyika wakati maji bado yapo.

DNA nayo ina mlinzi wake katika spishi nyingine, protini iitwayo Dsup, iliyotangazwa mwaka 2016. Seli za binadamu zilizopewa jeni yake maabara zilipunguza madhara ya eksirei kwa DNA kwa takriban asilimia 40.

Tusimpambe kupita kiasi, hata hivyo. Dubu-maji aliye hai majini, joto la nyuzi 37 kwa siku moja linaweza kumuua.

Sasa, kwa nini nimekuja na habari hii nyanda za juu? Baadhi ya dawa na chanjo ni protini, na zinataka jokofu kutoka kiwandani hadi zahanati ya mwisho kule Makete au Ludewa. Mwaka 2023 kundi la Boothby lilionyesha kwamba protini ya CAHS na trehalosi zinaweza kuilinda Fakta VIII, dawa ya wagonjwa wa hemofilia, ambao damu yao haigandi vizuri, ikiwa kavu bila jokofu. Hiyo ni kazi ya maabara, haijafika dirisha la dawa, lakini nataka kijana wa hapa awe miongoni mwa watakaoifikisha.

Walimu, hadubini ya shule ya kukuza mara 40 inatosha. Loweka mosi mkavu usiku kucha, ukamue kwenye kisahani, tafuta. Ukimpata dubu-maji, mweke juu ya karatasi ya kuchujia yenye unyevu, funika nusu ili akauke polepole. Kesho yake mdondoshee tone la maji, na wanafunzi waandike saa ambayo mguu wa kwanza umesogea.