Mwenye Hisa na Mwenye Gari Husikia Habari Mbili

Mabibi na mabwana, nianze na habari ambayo wengi wenu mmeiona mara kadhaa. Mtangazaji wa runinga ya biashara anatangaza kwamba kampuni fulani ya magari imeyaita kiwandani magari milioni moja kwa sababu ya hitilafu. Papo hapo chati ya hisa inatokea, hisa zimeshuka asilimia 3, na mchambuzi anaulizwa marekebisho yatagharimu kiasi gani na kama faida ya robo mwaka itaguswa. Dakika mbili zikiisha wanahamia habari nyingine. Hakuna aliyemwambia mtazamaji namba ya chesisi inapatikana wapi, hitilafu yenyewe inaanzaje, wala kama gari linafaa kupeleka watoto shule kesho asubuhi.

Mtangazaji hajakosea, kwa kuwa kituo kile kinazungumza na mwenye hisa. Mwenye gari anaisikia habari hiyohiyo kwa mlango wa pembeni, na ni juu yake kuigeuza iwe lugha ya nyumbani kwake. Leo nataka tuifanye kazi hiyo ya kugeuza. Nawatahadharisha mapema kwamba sehemu kubwa ya habari hizo, ukishazigeuza, hubaki sifuri.

Tupite haraka kwenye namba. Ukisikia fahirisi ya Dow Jones, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, imeanguka pointi 500, uliza kwanza ilikuwa ngapi. Tarehe 19 Oktoba 1987 ilianguka pointi 508, na hiyo ilikuwa asilimia 22.6 kwa siku moja. Fahirisi ikiwa 40,000, pointi 500 ni asilimia 1.25, siku ya kawaida yenye makelele. Ikitajwa kwamba riba imepanda kwa pointi 25 za msingi, hiyo ni robo ya asilimia moja. Na ukiambiwa magari mapya Marekani yameuzwa "kwa kasi ya milioni 16", hayakuuzwa milioni 16 mwezi ule. Wamechukua mauzo ya mwezi, wakayarekebisha kulingana na msimu, wakayakuza kuwa ya mwaka mzima. Hata rangi usiziamini upesi: kwenye runinga za China na Japani nyekundu kwa kawaida ni kupanda. Anayebadilisha vituo usiku anaweza kuomboleza faida.

Sasa mafuta. Pipa moja ni lita 159 hivi, na bei zinazotajwa sana ni mbili: Brent, ambayo ndiyo kipimo cha sehemu kubwa ya biashara ya kimataifa, na WTI ya Marekani. Bei ya pampu hujengwa na mafuta ghafi, usafishaji, usafirishaji, faida ya wauzaji na kodi. Kodi nyingi hutozwa kwa lita, kwa hiyo hazishuki ghafi inaposhuka. Tena mafuta yaliyomo kwenye matangi ya kituo leo yalinunuliwa kwa bei ya wiki zilizopita, na yalilipiwa kwa dola. Sarafu yako ikidhoofika dhidi ya dola, ghafi inaweza kushuka na pampu isitikisike.

Chukua gari linalokunywa lita 8 kwa kilomita 100 na kutembea kilomita 1,200 kwa mwezi. Hizo ni lita 96. Tuseme ghafi ni nusu ya bei ya pampu. Ghafi ikipanda asilimia 10, pampu itapanda kama asilimia 5, nawe utalipa kana kwamba umeongeza lita 5 kwa mwezi. Hiyo ndiyo habari kubwa ya jioni, ikishapimwa nyumbani. Upande wa pili kuna mguu wako wa kulia. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka kilomita 100 kwa saa hadi 120 hewa inakusukuma nyuma kwa asilimia 44 zaidi. Si ukinzani wote unaotokana na hewa, hivyo mafuta hayaongezeki kwa kiasi hicho kizima, lakini anayesafiri masafa marefu kila wiki ana nafasi ya kuokoa pale kuliko kwenye kusubiri mkutano wa nchi zinazouza mafuta.

Mfano wa habari iliyokuwa kweli kabisa na isiyomhusu mwenye gari: tarehe 20 Aprili 2020, WTI ilifunga chini ya sifuri, dola 37.63 hasi kwa pipa. Watu waliuliza kama watalipwa ili wajaze tangi. Kilichoanguka kilikuwa mkataba wa kupokea mafuta mwezi Mei, uliokuwa unamalizika siku iliyofuata, na mahali pa kupokelea ni Cushing, Oklahoma, ambako nafasi ya kuhifadhi ilikuwa imekaribia kwisha. Walioushika mkataba huo bila kuwa na tangi walilipa ili wauondokee. Brent siku hiyo haikufika hata sifuri.

Kwenye riba nitakaa zaidi, maana hapa ndipo familia hupoteza fedha nyingi huku ikitazama namba isiyo yake. Benki kuu ikipandisha riba, runinga hulizungumza jambo hilo siku tatu. Kama tayari una mkopo wa gari wenye riba isiyobadilika, hakuna kilichobadilika kwako. Kama unatafuta mkopo mpya, tupige hesabu. Mkopo wa 20,000, sarafu yoyote, miezi 60, riba ya asilimia 12 kwa mwaka inayotozwa kwenye salio linalopungua: rejesho ni 445 kwa mwezi, jumla kama 26,700. Riba ikipanda hadi 13, rejesho linakuwa 455. Kumi tu kwa mwezi, kwa pointi nzima ya asilimia, ambayo ni mara nne ya pointi 25 zilizotangazwa.

Sasa mbakishie asilimia zake 12, ila mkopeshaji azitoze kwenye mkopo wote wa mwanzo kwa miaka yote mitano, bila kujali ulichokwisha kulipa. Riba peke yake ni 12,000, rejesho ni 533. Ukiigeuza kuwa riba ya salio linalopungua, umekopa kwa asilimia 20 na kidogo. Tangazo linasema 12 kwa herufi kubwa katika hali zote mbili. Swali la kuuliza dirishani ni jepesi: nikijumlisha marejesho yote, ada ya maombi na bima mnayonilazimisha, nitakuwa nimelipa ngapi? Kisha omba jedwali la marejesho la mwezi kwa mwezi. Mkopeshaji anayesita kulitoa amekwisha kukujibu.

Mtego mwingine ni muda. Muuzaji akiona 445 inakuelemea, atakunyooshea mkopo uwe wa miezi 84. Rejesho linashuka hadi 353, nawe unatoka ukitabasamu. Jumla imepanda hadi kama 29,650. Lakini tazama mwisho wa mwaka wa tatu: mwenye miezi 60 amebakiza deni la 9,450, mwenye miezi 84 bado anadaiwa 13,400. Gari likiwa sokoni lina thamani ya 12,000 wakati huo, yule wa pili hawezi kuliuza bila kuongeza fedha mfukoni, na likigongwa likaonekana halifai kutengenezwa tena, bima italipa thamani ya gari, si deni lako. Familia inayotarajia mtoto wa tatu na kuhitaji gari kubwa zaidi ndani ya miaka michache isikubali muda huo.

Zipo habari za biashara zinazomfikia mwenye gari kweli, ila huchelewa. Mwanzoni mwa 2020 viwanda vya magari vilifuta oda za chipu za kielektroniki vikidhani wanunuzi wametoweka. Watengenezaji wa kompyuta na simu wakaichukua nafasi hiyo. Wanunuzi wa magari waliporudi mwishoni mwa mwaka, foleni ilikuwa ndefu, na chipu moja huchukua miezi kutengenezwa. Machi 2021 moto ukateketeza sehemu ya kiwanda cha Renesas huko Naka, Japani, kilichokuwa kikilisha viwanda vingi vya magari. Magari mapya yakaadimika, watu wakakimbilia yaliyotumika, na Marekani bei za magari yaliyotumika zikapanda zaidi ya asilimia 40 katika mwaka ulioishia Januari 2022. Kati ya habari ya kwanza na bei hizo kulikuwa na muda wa kutosha wa kufanya jambo moja la maana: kulitunza gari ulilonalo ili usilazimike kununua kipindi hicho. Kwa gari lenye mkanda wa taimingi, ule unaozifanya vali na pistoni za injini ziende kwa mpangilio mmoja, mathalani, hiyo maana yake ni kubadilisha mkanda kwa kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu chake, mara nyingi karibu na 100,000, au kwa miaka, kinachotangulia. Mkanda ukikatika kwenye injini nyingi za kisasa, pistoni hugonga vali, na bei ya mkanda hugeuka bei ya injini. Wakati wa kuubadilisha, badilisha na pampu ya maji kama inaendeshwa na mkanda huohuo, kwa sababu kazi ya kufungua ni ileile.

Nirudi kwenye wito wa kurudisha magari. Kashfa ya mifuko ya hewa ya Takata iliripotiwa kwa miaka kama habari ya kampuni inayozama, hadi ikaomba ulinzi wa kufilisika Juni 2017. Kiini chake kilikuwa kemia. Kifaa cha kuujaza mfuko kilitumia nitrati ya amonia, na katika vifaa vingi hakikuwekwa kitu cha kunyonya unyevu. Joto na unyevu vikipishana kwa miaka, kilipuzi kile huharibika, na siku ya ajali huungua kwa kasi mno hadi kopo lake la chuma linapasuka na kurusha vipande usoni mwa dereva. Angalieni sababu hiyo vizuri: hatari huongezeka kadiri gari linavyozeeka na kadiri nchi ilivyo ya joto na unyevu. Maana yake gari lililotumika, lililovuka bahari, ndilo la kuangaliwa kwanza, na ndilo ambalo barua ya mtengenezaji haitalifikia, kwa kuwa kumbukumbu zake bado zinamtaja mmiliki wa zamani.

Hivyo mmiliki ndiye amtafute mtengenezaji. Namba ya chesisi ya kimataifa ina herufi na tarakimu 17, na haina I, O wala Q, ili zisichanganywe na 1 na 0. Iko chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, kwenye nguzo ya mlango au kwenye kadi ya gari. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hutumia namba fupi zaidi yenye kistari katikati. Hizo hutafutwa kwenye ukurasa wa Kijapani wa mtengenezaji, na ukurasa wa nchi nyingine utakuambia namba si sahihi. Usiridhike kutafuta kwa jina la modeli, maana kifaa kibovu huweza kufungwa kwenye magari ya miezi fulani tu. Rudia utafutaji mara mbili kwa mwaka, kwani orodha huongezwa. Soma pia kiwango cha onyo: lipo la "leta utakapopata nafasi", lipo la "liegeshe nje mbali na nyumba" kwa hofu ya moto, na lipo la "usiendeshe kabisa". Marekebisho kwa kawaida ni bure kwa wakala wa mtengenezaji. Dai karatasi yenye namba ya chesisi na tarehe, na unaponunua gari la mtu, itafute kabla ya kulipa.

Yaliyobaki hayatangazwi kamwe, kwa kuwa hayana hisa. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT kwenye tairi ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019, na tairi jipya dukani linaweza kuwa na umri mkubwa kuliko unavyodhani. Upepo pima asubuhi kabla ya safari, kwa kiwango cha kibandiko cha mlangoni. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni ukomo wa tairi, si kipimo cha gari lako. Mafuta ya breki hunyonya maji hata kama gari limeegeshwa: yale ya daraja la DOT 4, yakiwa mapya, huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi, yakishajaa unyevu yanaweza kuchemkia 155, na kwenye mteremko mrefu pedali huzama hadi chini. Miaka miwili, badilisha.

Na kiti cha mtoto. Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya R129 kuhusu viti vya watoto, inayotumika Ulaya, inamtaka mtoto atazame nyuma hadi miezi 15 kwa uchache, na akikaa hivyo zaidi ni bora, kwa sababu shingo yake haijaweza kukibeba kichwa gari linaposimama ghafla. Kiti kinachotazama nyuma hakiwekwi mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Ukishakifunga, kishike pale mkanda unapopita ukitikise: kisogee zaidi ya sentimita 2.5, kifunge upya. Mvue mtoto koti zito, kaza mikanda ya kiti, kisha jaribu kuufinya mkanda begani kwa vidole viwili. Ukifinyika, bado umelegea.

Tuna nusu saa ya maswali. Wenye kadi za magari mfukoni wazitoe, tutaanza na namba za chesisi.