Nani Hulipia Mlima? Tabaka na Jinsia katika Mchezo wa Skii

Waheshimiwa wahadhiri na ndugu wanafunzi,

Skii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao zilizofungwa miguuni, ikitajwa, wengi wetu humwona tajiri aliye likizoni, ilhali mchezo huu ulilelewa na watu wa hali ya chini. Sondre Norheim, mmoja wa waasisi wa skii ya kisasa na mzaliwa wa Telemark nchini Norwei mwaka 1825, aliishi katika ardhi ya mwingine kama mpangaji, na mwaka 1884 alihamia Marekani kama walivyofanya maskini wengi wa nchi yake. Katika milima ile ya Telemark, mbao hizo zilikuwa usafiri wa majira ya baridi kabla hazijawa mashindano.

Kilichoweka bei ni kupanda, si kuteremka. Mwaka 1936 kampuni ya reli ya Union Pacific ilifungua Sun Valley, Idaho, ambako mhandisi wake James Curran, aliyewahi kushughulikia mitambo ya kupakia ndizi melini, aliunda mtambo wa kupandisha watu mlimani kwa kuweka viti mahali ambapo mikungu ingening'inia. Mlima uliokwewa kwa miguu ukawa na tiketi, na leo, pale Vail, Colorado, tiketi ya siku moja inayonunuliwa dirishani siku za msongamano imevuka dola 300, kabla mtu hajakodi viatu.

Je, fedha ilimtosha mwanamke? Paula Lamberg, binti wa kabaila wa Austria, aliruka kwa skii, yaani aliteremka kwa kasi na kurukia hewani, umbali wa mita 22 huko Kitzbühel mwaka 1911 akiwa amevaa sketi ndefu, vazi ambalo mtu angeona tabu kupandia hata ngazi. Nasaba ilimfikisha kwenye mruko, lakini Olimpiki hazikumwalika mwanamke yeyote kuruka. Wanaume walianza Chamonix mwaka 1924. Wanawake wakasubiri hadi Sochi mwaka 2014, aliposhinda Mjerumani Carina Vogt. Katikati, mwaka 2005, Gian Franco Kasper, rais wa shirikisho la skii duniani, alidai kwamba kitabibu mchezo huo hauwafai wanawake. Mwaka 2009 mahakama ya Kanada ilikiri kwamba warukaji wa kike waliofungua kesi walikuwa wamebaguliwa, lakini ikasema sheria ya nchi haiwezi kuibana Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa.

Naomba tulitazame jambo hili kwa makini, kwa sababu hapa ndipo jinsia na tabaka hushikana mikono. Mchezo usio na medali ya Olimpiki huambulia fedha kidogo za umma na za wadhamini, kwa hiyo kocha, safari na mavazi huwa mzigo wa wazazi. Kaka wa familia ya kawaida angeweza kubebwa na timu ya taifa. Dada yake, hata kama anaruka mbali zaidi, alihitaji nyumba yenye uwezo. Waliowafungia wasichana wote mlango waliwaumiza zaidi wasichana wa maskini.

Hata mfano wa karibu nasi unaonyesha uzito wa nyumba yenye uwezo: mtelezaji Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi na kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018, alikulia Austria, na baba yake wa kambo alimiliki mtambo wa kupandishia watelezaji mlimani.