Pima Waya Kabla ya Kununua Sensa

Ndugu zangu mafundi, nanyi wenye magari mliokubali kuketi nasi katika joto hili la Dodoma, najua wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili, na nitaendelea kulisema maadamu bado naletewa magari yenye sensa mpya na ugonjwa ule ule wa zamani.

Mashine ya kupimia ikiandika P0335, haijakuagiza ununue sensa ya krenki, kile kifaa kinachoiarifu kompyuta ya injini jinsi krenki, yaani shafti kuu ya injini, inavyozunguka. Imesema kwamba kuna kasoro katika njia ya umeme ya sensa hiyo, na katika njia hiyo mna sensa, soketi, nyaya na kontroli boksi yenyewe, yaani hiyo kompyuta. Namba hizo sisi huziita kodi, na kwa mwenye gari zimekuwa kodi kweli, maana kila gereji anayoingia hutozwa upya.

Niliwahi kuletewa gari lililokuwa likiondoka Morogoro asubuhi bila shida, likaupita mlima wa Gairo, na kila lilipokaribia Kibaigwa jua likiwa kali, lilizima ghafla huku mshale wa mizunguko ukianguka hadi sifuri. Dereva akifungua boneti na kunywa chai kwa nusu saa, linawaka kana kwamba halikuwahi kuugua. Dalili hiyo kila fundi anaidai kuijua: sensa inakufa kwa joto na kufufuka ikipoa. Fundi wa kwanza akabadilisha sensa. Wa pili akadai kwamba ile ni feki, akabadilisha tena. Siwalaumu kwa kuishuku sensa. Nawalaumu kwa kuiacha multimita, kipimo cha umeme cha mkononi, kwenye sanduku.

Nilipopima kwenye sensa yenyewe, iliyokuwa ya pini mbili, nilipata ukinzani wa omu kama 1,200 injini ikiwa baridi, na ilipopata moto zikapanda kidogo tu, bila kuyumba. Kisha nikachomoa soketi ya kontroli boksi na kuweka ncha za multimita kwenye pini za nyaya zinazokwenda kwenye sensa, ili kipimo kipite njia yote. Omu zikawa zile zile. Mwenye haraka angefunga boneti hapo. Nikamwomba kijana wangu aukung'ute mkanda wa nyaya shubiri kwa shubiri, nami nikikodolea macho kioo cha multimita. Alipofika kwenye kibano kilicho karibu na altaneta, tarakimu zikapotea. Tulipouchana waya, ganda lake lilikuwa zima kabisa kwa nje, lakini ndani shaba ilikuwa imekatika na ncha zake zinagusana tu, zikisubiri joto na mtikisiko zipate kuachana. Sensa mbili zilinunuliwa kwa kosa la waya usiofika urefu wa kidole.

Mtaniambia kwamba mteja hana subira. Kazi ile haikutimiza saa moja, na mteja asiye na subira ndiye huyo huyo anayerudi akiwa amevutwa kwa kamba. Mwingine atasema hana mashine ya bei kubwa. Huyo simwelewi, kwa kuwa hadi sasa nimetaja multimita. Hata hivyo, mwenye mashine ndogo atazame mizunguko wakati wa kupiga stata: ikibaki sifuri ilhali injini inazungushwa, ishara haifiki.

Nawasihi, msipime omu kwenye sensa ya pini tatu, kwa sababu mara nyingi ndani yake mna vifaa vya elektroniki na kipimo hicho hakitawaambia lolote la maana. Hapo tafuteni umeme unaoingia, ambao kwa kawaida ni volti 5 au 12 kutegemea gari, tafuteni ethi, yaani waya wa kurudishia umeme kwenye bodi, ndipo mtazame kama ishara inapanda na kushuka injini ikizungushwa.

Kodi P0340, ya sensa ya kemshafti, yaani shafti inayofungua vali, hufuata njia hiyo hiyo, kwa hiyo naipita. P0016 ni kesi nyingine, kwa sababu huko ishara zote mbili, ya krenki na ya kemshafti, zinafika ila hazipatani, ilhali krenki ikizunguka mara mbili kemshafti yapaswa kuzunguka mara moja. Kabla ya kugusa sensa, chomoa kijiti cha oili. Ikiwa oili imekuwa nzito kama lami, au cheni ya taimingi, inayounganisha shafti hizo mbili, hupiga kelele unapowasha asubuhi, anzia huko. Ama chembe za chuma zinazonata kwenye ncha ya sensa yenye sumaku, zifuteni kwa kitambaa kisha mpime upya. Mwenyeji wetu ameninyoshea saa yake kwa mara ya pili.