Jinsi ya Kuunganisha Filamu Mbili Zilizopondwa Ziwe Kichekesho Kimoja

Habari yako mtazamaji, karibu sana. Leo tunachukua filamu mbili za Marekani zilizopondwa vibaya mno, tunazikatakata, na tunatoka na kichekesho cha dakika 10 hivi chenye mwanzo na mwisho. Unahitaji kompyuta na programu ya kuhariri. DaVinci Resolve ya bure inatosha kabisa, na Kdenlive pia. Mwenye simu peke yake anaweza kufuata kwa CapCut, ila kwenye sauti atahangaika.

Filamu ya kwanza ni Manos: The Hands of Fate, ya mwaka 1966. Ilipigwa El Paso, Texas, na Harold P. Warren, muuza mbolea, ambaye aliandika, akaongoza na akawa stelingi yeye mwenyewe. Kamera yake ilikuwa ya kujaza kwa mkono kama saa za zamani, haiwezi kurekodi zaidi ya sekunde 32 kwa mkupuo. Ya pili ni The Beast of Yucca Flats ya Coleman Francis, ya 1961. Adui humo ni Tor Johnson, mwanamieleka mzaliwa wa Sweden, anayeigiza mwanasayansi wa Kisovieti aliyepitiwa na mlipuko wa bomu la nyuklia jangwani akageuka mnyama.

Kwa nini hizi? Kwa sababu ubovu peke yake hauunganishi filamu. Lazima zishikane mahali. Hizi mbili zinashikana kila upande: zote zina jangwa, zote zina familia iliyokwama safarini na gari, zote zina jitu linalotembea kwa shida na fimbo mkononi. Na zote mbili sauti zilitiwa baadaye. Shika hilo la sauti, ndiyo siri ya kazi yote.

Kabla ya kupakua, neno moja la haki. Manos ilitoka bila tangazo la hakimiliki, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule hilo liliifanya iwe milki ya umma, yaani mtu yeyote anaweza kuitumia bila kuomba ruhusa. The Beast nayo inahesabiwa hivyo. Zote zipo Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni. Ila Manos ina toleo jipya lililosafishwa kutoka kwenye mkanda wa awali, hilo liache, maana linaweza kuwa na mwenyewe. Chukua lile la zamani lenye mikwaruzo, na uhifadhi anwani ya ukurasa ulikolitoa, ili mtandao utakakopandisha video yako ukikuzuia uwe na la kuonesha.

Tuanze. Zitazame zote mbili mpaka mwisho na daftari mkononi. Andika dakika na sekunde za kila sini yenye mtu anayeangalia kitu, anayefungua mlango, anayetembea au anayekimbia. Maneno yao yaache kwanza, yatabadilika.

Kisha andika hadithi yako kwa sentensi moja. Yangu ni hii: familia inapotea njia, inapokelewa na Torgo, yule mtumishi wa nyumba katika Manos, kumbe bosi anayemsubiri ni Tor Johnson, na bosi yuko njiani anarudi kwa miguu. Sini isiyoisaidia sentensi hiyo inatoka, hata kama inakuchekesha. Ile ya mwanzo ya The Beast, mwanamke anaponyongwa chumbani, itoe moja kwa moja. Haina uhusiano hata na filamu yake yenyewe, na inaua kicheko kabla hakijazaliwa.

Sasa fungua mradi. Angalia kwanza faili zako zina fremu ngapi kwa sekunde, kisha weka mradi kwenye idadi hiyohiyo kabla hujaingiza klipu hata moja, maana ukishaingiza Resolve haikuruhusu kurudi nyuma. Umbo la picha weka 4 kwa 3. Manos ina rangi, The Beast haina, kwa hiyo shusha rangi ya Manos mpaka sifuri, punguza na weusi kidogo kwa sababu picha zake za usiku ni giza tupu. Mtazamaji akiziona zote zimefanana kijivu, ataamini ni mahali pamoja.

Tuje kwenye mkato ninaoupenda kuliko yote. Katika Manos, mume na mke wanaingia sebuleni na kuiangalia picha ya ukutani ya bosi wa nyumba. Kata pale macho ya mke yanapoinuka. Weka fremu moja ya Tor Johnson akiwa amesimama jangwani, igandishe kwa sekunde tatu, kisha rudi kwa mke akiwa na hofu usoni. Basi. Hukuchora chochote, lakini kila mtu ataona picha ya Tor ukutani. Mwongozaji wa Kisovieti Lev Kuleshov alilionesha hili zamani, filamu zikiwa bado hazina sauti: uso uleule wa mwigizaji, ukifuatiwa na bakuli la supu au na jeneza, watu waliona njaa au majonzi.

Mkato wa pili ni wa fimbo. Torgo ana fimbo yake, Tor ana yake. Malizia klipu ya Torgo fimbo inapogusa chini, anza ya Tor na fimbo yake ikiwa hewani. Chini yake weka muziki ule wa Torgo unaorudiarudia kila anapotembea, uanze nusu sekunde kabla ya picha ya Tor. Sauti ikitangulia, jicho linafuata bila kubisha.

Halafu simulizi. Francis alijaza The Beast kwa sauti yake mwenyewe ya msimulizi, na watu wake wengi wanaongea wakiwa mbali au wamegeuza migongo, midomo haionekani. Hapo ndipo pako. Waliokulia vibanda umiza, yaani kumbi za video za mtaani, Tanzania wanamjua Lufufu, na Kenya wanamjua DJ Afro: mtu mmoja na maikrofoni anabeba filamu nzima. Futa Kiingereza, rekodi Kiswahili chako, simu chini ya blanketi inatosha kuzuia mwangwi. Simulia kwa uzito, kama taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Tor akijikongoja mlimani, mwambie mtazamaji, "Bosi alikuwa na kikao saa nne, na nauli hakuwa nayo." Usicheke unaposema. Usipandishe sauti. Acha sekunde mbili za kimya baada ya kila mzaha, watu wamalize kucheka ndipo uendelee.

Mwisho wa hadithi umeshapigwa tayari. Torgo anakimbilia gizani mkono wake ukiwaka moto. Kata hapo, nenda kwa Tor amelala na sungura wa porini akimkaribia. Sungura yule hakuwa kwenye maandiko, alijitokeza tu kamera ikiwa inazunguka. Mpe jina, na msimulizi amtangaze kuwa bosi mpya wa nyumba.

Ukimaliza, toa faili ya MP4, andika majina ya filamu zote mbili na waongozaji wake mwishoni, na useme wazi kuwa ni kazi ya shabiki. Kabla ya kuipandisha, mwoneshe mtu ambaye hajaziona filamu hizi. Akikuuliza huyu jitu alitokea wapi, rudi kwenye ule mkato wa sebuleni, uongeze sekunde moja.