Mnakili Anayejua Ndiye wa Kuchungwa

Nimelisema hili mara nyingi, na nitalirudia maadamu vijana wanaendelea kuniletea tungo za babu zao zikiwa zimekwisha kusahihishwa. Msizisahihishe!

Makosa ya kunakili mwandiko wa mtu hayaji ovyo. Kuchanganya nukta za herufi za Kiarabu ba, ta na nun mnakujua, nakupita. La kutazamwa ni kosa la mnakili mjuzi. Asiyejua lugha huchora alichokiona, hata kikienda kombo. Ajuaye husoma kipande kizima, akakitia kichwani, kisha akakiandika kwa ulimi wake mwenyewe. Mshairi wa Mvita, yaani Mombasa, kasema "mato". Mnakili aliyelelewa na Kiswahili sanifu anaandika "macho". "Nti" yawa "nchi", "ndia" yawa "njia", "mtanga" yawa "mchanga". Hesabuni mizani: haikupungua wala haikuzidi. Maana ni ile ile. Nani atagundua? Kina peke yake. Mishororo ikiishia "moto", "mito", "uzito", halafu mmoja ukaishia "macho", mnakili amekamatika. Lakini neno likiwa mbali na kina, limekwenda hilo.

Najua kuna anayesema moyoni, "Hasara iko wapi, maadamu maana ni moja?" Hasara ipo, bwana! Muyaka, mshairi wa Mvita, alifariki 1840. Tungo zake nyingi tulizo nazo zilikusanywa miaka mingi baadaye, na Mwalimu Sikujua akimsaidia Taylor, mmisionari Mwingereza. Kimvita cha enzi zile tutakijulia wapi, kama si kwenye maneno hayo hayo mnayoyanyoosha?

Jicho nalo huruka. Katika utenzi, kipande cha nne cha kila ubeti hubeba kina kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mnakili akiinua macho na kuyarudisha, yatatua kwenye kina hicho hicho cha ubeti wa chini, na ubeti mzima umepotea. Mizani sawa, vina sawa, ila kisa kimekatika. Shairi la mishororo minne lina nafuu: ubeti ukibaki na mitatu hujisema wenyewe.

Wala msizisingizie herufi za Kiarabu. Katika barua ya herufi za Kirumi, "n" na "u" za mkono hubadilishana kila siku.

Tarakimu na tarehe naziacha, wakati umetubana. Mwenye hati nyumbani aipige picha kwanza, kurasa zote, hata maandishi ya pambizoni. Kisha anakili herufi kwa herufi. Ukiliona neno lina kasoro, liache lilivyo. Rai yako iandike pembeni, kwa wino mwingine, na jina lako.